Treni ya Baba Imenyamaza

Jumatatu, 4 Desemba

Nimefunga kibanda saa kumi na moja, vidole vinanuka risasi ya kuchomelea. Kichwa cha kijani cha treni ndogo ya mezani ya Baba kimekwisha. Bodi ya transista imeingia tumboni bila kulazimisha. Sasa treni inaondoka taratibu, haikurupuki, na taa haififii ikipunguza mwendo. Spea zote zimetoka kwenye redio mbovu za hapa hapa Kariakoo. Mota sijaigusa, wala magurudumu. Nina akili zangu.

Baba baada ya kula alikaa kwenye kiti chake, kiganja juu ya meza. Macho yamekwisha yote mawili. Masikio lakini, Mungu wangu! Treni ikipita juu ya boksi la viatu nililofanya daraja, anaita stesheni: "Ruvu." Ikikwaruza kwenye kona, "Korogwe." Ikigonga ta-ta, ta-ta pale nilipoacha mwanya kwenye reli, "Kahe hiyo, fungeni mizigo." Kaendesha treni ya Moshi mpaka kustaafu. Kazi aliyobakiwa nayo ni hii.

Kilichobaki ni kichwa cheusi. Kipenzi chake, bosi wake alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Hicho nitakifanya kwa utulivu.

Alhamisi, 7 Desemba

Kaka Deo karudi kutoka Dubai. Feni, pasi, televisheni mpaka kwenye ngazi. Siku hizi kuleta bidhaa ni ruksa, wateja wanamwita Mangi, kichwa kimevimba.

Mimi kaniletea manukato. Baba kaletewa boksi la vifaa vya treni: mota mpya, bodi ndogo kama kucha, mipira ya kuvisha magurudumu. Akakiangalia kichwa changu cha kijani, akacheka. "Dada, bado unahangaika na transista za redio ya mkulima?"

Nilimjibu kitu kimoja tu. Kichwa cheusi usikiguse. Nikarudia.

Jumamosi, 9 Desemba

Wenzake Baba wa reli, wazee watatu, watakuja Jumamosi ijayo. Anataka kuwapeleka Moshi, hapo hapo juu ya meza. Ananiuliza kila nikipita kama kichwa cheusi kitakuwa tayari. Kitakuwa. Shati lake la kazini kalitoa sandukuni mwenyewe.

Jumamosi, 16 Desemba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi nilienda Feri kununua samaki wa wageni. Foleni, jua, msukumano. Narudi, wazee wameshakaa, nawapa shikamoo, na Deo anatabasamu mlangoni kama bwana harusi. Sikupata hata muda wa kuuliza.

Akawasha. Kichwa cheusi kikaondoka. Baba kiganja mezani, shati limepigwa pasi, kainamisha kichwa anasubiri.

Treni ikapita Ruvu. Ikapita Korogwe. Ikazunguka yote.

"Washeni basi," Baba akasema.

Mzee mmoja akakohoa. Deo, kwa fahari kabisa: "Inatembea, Baba! Mzunguko wa pili huo. Haina kelele hata chembe!"

Baba akaondoa mkono mezani. Akasema nzuri sana. Akaomba chai.

Nilitaka kumwagia Deo sufuria la mchuzi. Wageni ndio waliomwokoa.

Jumapili, 17 Desemba

Sikwenda kanisani. Ningeenda kusali nini na roho hii? Nilimfuata Deo dukani kwake Mchafukoge, nikampigia kelele mbele ya wateja. Mota ya zamani kaitupa, kaweka ile ya Dubai. Gari la taka limeshapita. Chini ya reli zote kagundisha sponji ya makochi ili zisigonge. Mwanya wa Kahe kauziba. Kafanya kazi safi, mshenzi yule, na ndiyo inayoniuma. Anasema nia yake ilikuwa njema. Nia yake aipeleke Dubai ikauzwe.

Hakujua kwamba Baba anaijua njia kwa masikio. Mwanaume mzima, kila akija anamkuta Baba anataja stesheni, na alidhani mzee anakumbuka tu.

Baba kahamishia kiti dirishani. Anasema meza tuifanye ya kupigia pasi.

Jumatano, 20 Desemba

Nimeweka king'ora kidogo tumboni mwa treni. Baba kutoka dirishani: "Friji ya nani hiyo inalia?" Nikacheka, halafu nikalia. Nimekitoa.

Jioni nikaanza upya. Nikavua mipira ya magurudumu, chuma kiguse chuma. Nikaongeza kipande cha risasi ndani, kichwa kiwe kizito. Nikachukua tupa nikafungua mwanya wa Kahe. Deo akaja, akasimama mlangoni. Sikumkaribisha kiti. Nikamwambia abandue sponji. Gundi yake mwenyewe ilimtoa jasho, kucha mbili zimekatika. Sijamwonea huruma.

Bodi yake nimeiacha. Kichwa kinatambaa pole pole bila kusita, changu hakijawahi. Ni nzuri. Simwambii.

Ijumaa, 22 Desemba

Sikumwita Baba. Niliwasha tu, nikaendelea kuchambua mchele.

Boksi la viatu likaunguruma. Baba dirishani hakugeuka. Kona ikakwaruza. Nilishaanza kujilaumu.

Ta-ta, ta-ta.

Kiti kikasogea. Akaja anapapasa ukuta, akaweka kiganja mezani. Akauacha mzunguko mzima upite. Deo alikuwa jikoni anaosha vikombe, maji akayafunga.

"Dereva siyo yule," Baba akasema.

Nikaweka ungo wa mchele chini.

"Huyu mgeni. Kona anaiingia kwa woga." Akavuta kiti kwa mguu, akakaa. "Mwacheni azoee njia. Ruvu."

Tumekwenda Moshi na kurudi mpaka mchele ukaiva.