Samadi kwenye Bustani za Mvua

Hvidsø, 14 Juni

Mwanangu Ragnhild,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Chupa nimezituma: moja ya maji yaingiayo kwenye bustani zako za mvua kutoka barabarani, nyingine ya yatokayo bombani kwenda ziwani. Ulisema mchanga na mizizi vitanasa mbolea inayosombwa na mvua, ziwa liache kuwa kijani. Sawa. Lakini mimea yako imekonda, mwanangu! Gudrun wa jirani akipita hunichokoza: "Evald, hii bustani au kaburi?" Nimetunza bustani za watu miaka arobaini, naona aibu. Usijali, nitaziangalia.

Baba yako

Kopenhagen, 2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Goti vipi? Mimi afya ipo, moyo ndio hauna raha. Katika chupa ulizotuma Agosti, maji yanayotoka yana fosforasi, ile ya mbolea, maradufu ya yanayoingia. Yaani bustani zangu zinalilisha ziwa uchafu! Udongo niliupima mwenyewe kabla ya kupanda, ulikuwa safi. Halmashauri itakutana tarehe 20 Novemba. Hali ikibaki hivi watazifukua na kurudisha maegesho ya magari. Miaka sita ya kazi yangu, baba. Kuna mtu ametia kitu?

Binti yako

Hvidsø, 27 Oktoba

Ragnhild mwanangu,

Nisamehe kwa ukimya. Kila nikishika kalamu, naiweka chini tena.

Ni mimi. Nilitia samadi ya kuku, magunia manne, alfajiri, mtaa haujaamka. Maua yalichanua mpaka Gudrun akafunga mdomo. Nilijivuna! Sikufikiria kwamba kinachoshibisha ua ndicho kinachoshuka ziwani. Nimekuharibia, na nina huzuni sana.

Baba

Kopenhagen, 5 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nilikasirika siku mbili, sikufichi. Kisha nikajiuliza: ni nani aliyekwambia mimea ile inatakiwa kukaa na njaa? Hakuna. Nilikuachia chupa, sikukuachia maelezo.

Siku ya mkutano nitakuwa Oslo kikazi, kwa hiyo nimewaandikia kwamba kosa ni langu, na jina lako sikulitaja. Dawa ni kuondoa udongo wa juu na kuweka mchanga mpya, lakini sidhani watatupa muda. Wewe kaa nyumbani, pumzisha goti.

Binti yako akupendaye

Hvidsø, 21 Novemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nyumbani sikukaa. Barua yako iliposomwa ukumbini nilisimama nikasema, "Binti yangu hana kosa. Mimi, Evald Tranberg, ndiye niliyetia samadi." Masikio yaliniwaka.

Basi Gudrun akainuka, amekuwa mwekundu: "Na mimi nilitia magunia mawili. Yale maua yalinitia huruma." Mara mwalimu Thorvald naye: "Mimi nilimwaga mbolea ya chupa. Kidogo tu! Kila Jumapili." Ikawa kama kanisani, watu wanaungama kwa foleni. Tulikuwa tisa, Ragnhild! Tisa, na kila mmoja akijidhani yuko peke yake!

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Wametupa mwaka mmoja. Jumamosi ijayo mtaa mzima tunachimba udongo wa juu. Gudrun analeta soseji, mimi bia. Wanataka uje uwaeleze, kwa maneno mepesi, namna ya kuipenda mimea bila kuilisha. Na mimi nataka kusikia. Njoo na buti zako.

Baba yako