Ufunguo wa Chumba cha Upepo

Baba,

Ufunguo ninao mimi. Sijamwambia mtu, hata Mama, hata padri kwenye kitubio. Umo ndani ya mkebe wangu wa hisabati, chini ya bikari, nimeuviringisha kwa kipande cha kitenge usije ukagongagonga nikitembea. Niliutoa kwenye mkanda wako siku walipotuletea nguo zako kutoka hospitali, kabla Mama hajazigusa.

Mtendaji wa kata anautafuta. Alikuja hapa wakati wa matanga, kofia mkononi, akamwuliza Mama, "Shemeji, marehemu hakuacha ufunguo wa kile chumba cha ghalani?" Mama akalikung'uta koti lako la mvua. Zikatoka karanga, vipande vya chaki, na ile leso yako ya bluu. Akaishika leso, akaanza kulia, habari ya ufunguo ikaishia hapo. Mimi nilikuwa kando nachambua maharage. Mkebe ulikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa miguuni pangu. Nilichambua mpaka mazima nikayatupa pamoja na mabovu.

Si unanijua. Shuleni kwa Kiingereza mimi ni bubu kabisa, kwa Kiswahili ni bubu nusu. Wewe ulikuwa ukinitetea mbele ya wageni: "Dada yangu huyu maneno yake yako jikoni, yanaiva taratibu." Uliniita dada kwa sababu nimerithi jina la dada yako, Kandida. Sasa hakuna mtu duniani anayeniita hivyo. Ndiyo maana naandika. Karatasi hainikodolei macho.

Habari za huku. Mdogo wangu Otmari ameota jino, la chini. Anamng'ata Mama, halafu anacheka kama amefanya kazi ya maana. Kipupwe kimekaza mwaka huu, asubuhi ukungu unajaa kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, mpaka shamba letu lote linaonekana limefunikwa shuka. Kahawa imeiva. Wanunuzi binafsi wamekuja wengi kuliko mwaka jana, kila mmoja na mizani yake, na chama cha ushirika ni kama kimenyamaza. Mmoja wao, yule wa gari jeupe, anataka kupangishiwa ghala lote la ushirika, pamoja na chumba chako cha mwisho kinachotazamana na zahanati. Ameahidi kuezeka upya ofisi ya kata.

Mtendaji alisema hatavunja kufuli la marehemu kabla ya arobaini, watu wangemsema. Arobaini imepita. Kesho baada ya misa kuna mkutano, na wakishakubaliana, kufuli litavunjwa. Yale matundu ya chini ya ukuta yatazibwa kwa matofali, eti kwa sababu ya wezi.

Matundu yako, Baba.

Nakumbuka siku uliyonionyesha. Nilikuwa darasa la tano. Ghala lilikuwa tupu, linanukia kahawa ya zamani, nawe ulipiga magoti na suruali yako ya kazini kana kwamba uko altareni. "Tazama, dada. Waliojenga hapa walijua kahawa inapumua. Hewa ya baridi inaingia huku chini, ya joto inatokea kule juu kwenye kenchi. Sasa nenda zahanati. Chumba cha kungojea kina dirisha moja la kuchungulia, na watu wamebanana humo kama kuni." Ukatoa gunzi la mahindi mfukoni, ukaliwasha, ukalipuliza mpaka ukabaki moshi mtupu. "Haya. Tuone moshi unakwenda wapi."

Moshi ulijipinda kidogo, kama mtu anayetafuta njia, halafu ukapanda na kutokomea juu. Ukacheka peke yako. Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi vile kwa ajili ya moshi.

Baada ya hapo gunzi halikukutoka mfukoni. Mabwana afya wengine walikagua vyoo, wewe ulikagua vyoo na hewa. Ofisi ya kata, mahakama ya mwanzo, shule, kote ulifukiza. Ulipofukiza kanisani, padri alisimama mlangoni mikono kiunoni: "Bwana Afya, leo wewe ndiye umeshika chetezo? Basi tia na ubani!" Nawe ukamjibu, "Ubani nitaleta, Padri. Wewe nifungulie tu madirisha ya upande wa kwaya." Na yakafunguliwa. Wanakwaya walikununia mpaka Pasaka.

Darasani kwetu ulipokuja kutoa mifuko ya simenti tuliyoziba nayo madirisha, nililaza kichwa kwenye dawati. Hyasinta, tunayekaa dawati moja, akaninong'oneza, "Kandida, baba yako amekuja kutugandisha." Tangu siku ile jina langu likawa Binti Upepo.

Nawe huko kilabuni walikuwa wanakusubiri na utani wa kwako. "Bwana Afya, mgeni wako hajafika bado? Au amekosa basi pale Kitai?" Maana ulikwisha kukiomba kile chumba, ukakipaka chokaa, ukaweka mabenchi, mikeka na ndoo, ukakifunga, ukawaambia kiko tayari kwa ugonjwa ambao haujaja. Wakasema Bwana Afya anaualika ugonjwa. Ukawajibu, "Nyumba ya mgeni hufagiliwa kabla hajabisha hodi." Na kwenye mkutano wa kata ulisema lile neno ambalo mpaka leo nalirudiarudia kitandani: serikali huweka mahindi ghalani kabla ya njaa, na hakuna anayesema inaita njaa, basi na hewa iwekwe akiba. Watu wakacheka. Akiba ya hewa! Nilikuwa nyuma na wasichana wenzangu, na nikatabasamu kidogo ili nisionekane niko peke yangu.

Sababu yake uliniambia mara moja tu. Tulikuwa ziwani kwa Bibi, mama yake Mama. Unaikumbuka ile nyumba yake ya matete, upepo wa ziwa unaingia upande huu na kutokea ule, usipa wameanikwa nje mpaka nguo zetu zikanukia samaki? Ulikuwa umelala chali kwenye mkeka. Ukasema, "Humu hata ukikohoa, kikohozi kinatoka chenyewe." Halafu ukanisimulia juu ya dada yako, mwenye jina langu. Uji ulimmwagikia mguuni, akapelekwa kutibiwa. Mvua ilikuwa inanyesha, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, akashinda kutwa kwenye benchi karibu na mtoto mwenye surua. Akarudi nyumbani na dawa ya mguu.

"Mguu ulipona, dada," ukaniambia. "Mguu ulipona kabisa."

Ukageukia ukutani. Nilitaka kukushika mkono, sikujua kama inaruhusiwa.

Na mgeni wako alifika kweli, mwaka uliofuata. Surua ilipanda kutoka ziwani, na wewe ukasimama pale zahanati na sweta lako lililotoboka viwiko, kila mama aliyekuja na mtoto mwenye homa na macho mekundu ukamzungushia njia ya nje mpaka kwenye chumba chako, madirisha wazi. Mama mmoja alikufokea: "Bwana Afya, unatuweka kwenye baridi kama kahawa!" Nawe ukamfunika mtoto wake blanketi, ukamwambia, "Kahawa ikikosa hewa inaota ukungu, mama. Sembuse mtoto." Akasonya, lakini akakaa. Na wale wachanga waliokuja kupimwa uzito hawakukaa nao benchi moja. Msimu ukapita. Hakuna aliyekushukuru, maana jambo ambalo halikutokea halina mashahidi. Nilikuwepo mimi, Baba, nilikuwa nakuletea maji ya kunawa. Mimi ni shahidi.

Ndiyo maana niliuficha ufunguo. Nilifikiri nakulindia.

Sasa sikia nilichokiona. Jumatano nilipotoka shule sikuja moja kwa moja nyumbani. Nilipitia nyuma ya ghala, nikafungua. Baba, kinanuka. Chumba chako kinanuka ukungu. Mabenchi yameota kitu cheupe kama unga, mikeka imeshikana, nyigu wamejenga kwenye fremu ya dirisha. Matundu ya chini yameshindiliwa magunia kutoka nje, sijui na nani, labda watoto. Nikatoa gunzi. Ndiyo, nami natembea na gunzi siku hizi, limechafua daftari langu la jiografia. Nikaliwasha, nikapuliza.

Moshi ulisimama.

Ulisimama palepale mbele ya uso wangu, haujui pa kwenda. Nikaketi sakafuni nikalia, na sikulia hivyo hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi watu walikuwa wananitazama. Hapa hapakuwa na mtu. Nililia kwa sababu nilijua aliyekifunga ni mimi. Yule mnunuzi anataka kukifunga kwa matofali, mimi nimekifunga kwa mapenzi, na moshi hautambui tofauti.

Nilipomaliza kulia nikavuta magunia yale kwa mkono, moja baada ya jingine, nikafungua madirisha, nyigu mmoja akaniuma shingoni, nikarudi kusimama katikati. Moshi ukajipinda. Ukatafuta. Halafu, Baba, ukapanda.

Kuna lingine. Mganga wa zahanati amesema surua imeanza kusikika tena upande wa ziwani, na malori ya usipa yanapanda huku kila siku ya soko. Wiki ijayo Mama anampeleka Otmari kupimwa uzito. Hajafikia umri wa sindano ya surua. Atapakatwa kwenye benchi lile lile, kwenye chumba chenye dirisha la kuchungulia, na mlango watu wataufunga kwa sababu ya baridi. Tangu nisikie hivyo silali vizuri. Namtazama anavyocheka na jino lake moja, na nakusikia wewe ukisema, mguu ulipona.

Darasani mambo yamebadilika kidogo. Hyasinta tangu ulipokufa hajaniita Binti Upepo. Nilidhani ananihurumia, ikaniuma zaidi. Halafu juzi mwalimu wa baiolojia aliuliza kwa Kiingereza surua inaenezwaje. Jibu nilikuwa nalo lote, lakini kwa sauti yako na kwa Kiswahili, na nikawa naligeuza mdomoni mpaka mwalimu akapita kwenda kwa mwingine. Hyasinta akanitazama. Akainuka, akachomoa mfuko wa simenti kwenye dirisha letu, upepo ukatupiga usoni. "Sogea basi, Binti Upepo," akasema, "na mimi nipate." Darasa zima likapiga kelele za baridi. Yeye akaketi, anatetemeka, anajifanya anasoma. Baba, nilifurahi kuitwa hilo jina. Sikujua kama nililikosa.

Najua ungesema nini kuhusu yule mnunuzi. Usingemchukia. Ungesema ghala lina vyumba vingi, kahawa ipate vyake, na cha mwisho kibaki kitupu kwa makusudi. Kitupu si kwamba hakina kazi. Mama anaposema nimekuwa mkaidi namwambia nimerithi. Lakini mkaidi aliyenyamaza na ufunguo mfukoni hamsaidii mtu, nimeliona hilo kwa macho yangu Jumatano.

Laiti lile lori lililokupa lifti kutoka Kitai lingeharibikia hapohapo Kitai. Laiti ungelala huko, ukaja kesho yake ukilalamika juu ya kunguni na madirisha ya nyumba ya wageni. Basi. Sitaki kuandika hilo.

Nasikia kandambili za Mama uani. Amemaliza kuosha vyombo, amembeba Otmari mgongoni, namsikia anavyobwabwaja. Kila nikikuandikia, akija hivi, huwa nasukuma karatasi chini ya kitenge na kuchukua kitabu cha hesabu, naye huniuliza, "Unasoma?" nami nasema ndiyo. Leo karatasi naiacha mezani. Ufunguo nimeutoa kwenye kile kipande cha kitenge, nimeuweka juu yake. Dirisha la chumba changu liko wazi, taa inayumba, naye ataingia akisema mimi na baba yangu tutawaua kwa baridi. Atasoma. Atagombeza au atalia, kimojawapo, au vyote.

Lala salama, Baba, huko kwenye kilima ambako upepo haukatiki. Kesho baada ya misa nitampa Mtendaji ufunguo mkononi mwake mbele ya watu wote, na nitasimama, na nitasema yale uliyosema juu ya akiba. Lugha yoyote itakayokuja. Nakuahidi. Na sauti ikigoma, si unanijua, gunzi liko mfukoni. Nitawaomba waje wote chumbani, nifunge madirisha, niwashe. Kisha nifungue. Watajionea wenyewe moshi unakwenda wapi.

Mama ameshika mlango. Karatasi sijaifunika.

Dada yako,
Kandida