Jarida la Bonde, Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimesahihisha makala ya mpunga mpaka macho yameuma. Mwandishi ana shahada tatu na hajui nukta inawekwa wapi. Mvua tangu alfajiri. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Nikaendelea na kalamu nyekundu.

Mchana nikaitwa kwa Mkuu wa Chuo. Akanipa shikamoo ya heshima, akanivutia kiti, akaulizia wajukuu. Nikajua hapa pana jambo. Jambo lenyewe: Jarida la Bonde halichapwi tena. Toleo hili linakwenda mtandaoni tu. Na ya nyuma yote, tangu la kwanza, yaskaniwe yapelekwe huko huko. Rafu ziondolewe, chumba kiwe cha kompyuta. Wafadhili wakija wanapenda kuona kompyuta.

Nimelihariri jarida hili tangu mwanangu wa mwisho anaanza chekechea. Sasa na yeye ana mtoto. Nikaomba kitu kimoja: seti moja kamili ya karatasi ibaki. Kabati moja, hata stoo. Akasema atalifikiria. Kwa lugha ya ofisi ile, hiyo ni hapana.

Alhamisi, 6 Machi

Hapana imekuja, kwa barua pepe, na alama ya tabasamu mwishoni.

Hapa najiandikia mwenyewe, kwa hiyo niseme kweli. Wanafunzi hawaingii chumba kile. Vumbi lilikuwa linaingia kuliko wao. Walimu wetu nao makala nzuri wanazipeleka majarida ya nje, maana huko ndiko kunakopandisha mtu cheo. Mimi naletewa makombo. Wasomaji wetu wa Mlimba na Mahenge tulikuwa tunawatumia kwa basi, mkononi mwa kondakta, na nusu ya safari mtu anakalia bahasha. Yote nayajua. Bado nina hasira.

Ijumaa, 14 Machi

Wameanza.

Kazi kapewa Sospeter wa kitengo cha kompyuta. Mashine yake inameza karatasi moja moja, kitabu haiwezi. Kwa hiyo kila toleo linakatwa mgongo kwanza. Nilijiambia sitakwenda kuangalia. Nikaenda. Nikasimama mlangoni kama mfiwa.

Sospeter si mtu mbaya. Ni yeye anayewaskania watu vyeti vyao wakiomba kazi. Nusu ya Ifakara imepita mezani kwake. Anafanya kazi haraka na anaimba kwaya humo humo. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, sasa ndiyo yanakuwa salama, hata mafuriko yaje. Nikamwitikia tu. Kisu kikashuka kwenye toleo la sheshe, wale swala wa mbugani kwetu, lile nililolihariri nikiwa na malaria.

Jumanne, 25 Machi

Wameyachoma.

Ni utaratibu wetu. Tangu mwaka ule mtihani ulipoonekana sokoni umefungiwa karanga, karatasi ya chuo haitupwi na haitolewi bure. Inachomwa nyuma ya jiko. Utaratibu uliwekwa kwa ajili ya mitihani. Hakuna aliyefikiri jarida si mtihani. Niliposema, nikajibiwa kwamba karatasi ni karatasi.

Zilikuwa na unyevu, hazikutaka kushika moto. Wakamwagia mafuta ya taa. Wapishi wakasogeza sufuria ya maharage ili moshi usiingie. Nimerudi nyumbani nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Jumatano, 23 Aprili

Uzinduzi. Hema, keki, fulana zenye jina la jarida kifuani. Mgeni rasmi akabonyeza kitufe, jalada la toleo la kwanza likatokea ukutani, watu wakapiga makofi. Akasema Bonde la Kilombero sasa linasomwa na dunia nzima. Hakuna aliyefunua ukurasa unaofuata. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimenuna, nakula keki.

Jumatatu, 5 Mei

Barua pepe kutoka kwa mtafiti mmoja wa Songea. Mpole sana. Anauliza kama kuna tatizo, maana makala anayoihitaji inatoka ukurasa wa kwanza inakwenda wa tatu, kisha wa tano.

Nikafungua. Kweli. Nikafungua toleo jingine. La mafuriko ya Kivukoni, la kambale, la mbu, la miti ya Udzungwa. Moja, tatu, tano, saba. Yote. Kila toleo. Nilifungua mpaka bando likaisha, nikanunua jingine nikaendelea, kana kwamba mbele huko nitakuta lililopona.

Sospeter nilimkuta anakunywa soda. Nilipomwonyesha, soda ikabaki mkononi. Ile mashine ilikuwa imewekwa kusoma upande mmoja. Ndivyo inavyokaa siku zote, kwa sababu ya vyeti. Cheti hakina maandishi nyuma. Kwake karatasi yenye maana ina upande mmoja.

Na nyuma ya jiko kuna majivu tu, na yenyewe mvua imeshayachukua.

Jumanne, 6 Mei

Kwa Mkuu. Nilijikaza nisipige kelele. Akasikiliza, akafuta miwani, akasema:

"Mama, tushukuru. Angalau nusu ipo."

Nusu. Tena nusu ya kila sentensi inayovuka ukurasa. Utafiti wa mtu una swali na hauna jibu. Jedwali lina vichwa, namba ziko upande wa pili. Akaniomba nisilizungumze nje, ripoti ya wafadhili imeshakwenda. Nilitoka bila kuaga. Tangu nizaliwe sijawahi kutoka kwa mtu bila kuaga.

Jioni Sospeter kaja nyumbani na mkewe. Mke ndiye aliyeomba msamaha, mume anaangalia miguu yake. Nikawapa chai. Ningewapa nini kingine?

Alhamisi, 15 Mei

Maktaba niliyoiandikia Dar wamejibu. Wana matoleo machache, hawajui yako rafu gani, watanitafuta. Hawatanitafuta.

Lakini leo nikiwa natwanga karanga nimemkumbuka Mwalimu Matimbwa wa Mlimba. Mstaafu, msomaji wetu tangu toleo la kwanza. Hakukosa hata moja. Lilipochelewa alikuwa anapiga simu kunigombeza. Alifariki mwaka jana, masika. Mjane wake yupo. Nyumba ile ile.

Seti kamili. Karatasi, pande zote mbili. Nimeacha karanga kwenye kinu nikaenda kuulizia treni.

Jumamosi, 31 Mei

Mlimba. Nimemkuta Mama Matimbwa anaanika mpunga. Mtu mzima kwangu, nikampa shikamoo yake, nikampa pole ambayo sikuileta mwaka jana. Nikaeleza yote. Mashine, moto, nusu. Akasikiliza huku anafukuza kuku.

Kisha akanieleza kwa furaha kabisa. Siku ya kumaliza msiba waligawa vitu vya marehemu, kama inavyotakiwa. Mashati, baiskeli, redio. Majarida aliyapenda kuliko mashati, kwa hiyo nayo yakagawiwa, kila ndugu moja. Mpwa wa Kisawasawa, shemeji wa Mahenge, watoto wa ubatizo, mpiga ngoma wa kwaya. Jingine lilipanda treni kwenda Tunduma. Hakuna aliyenung'unika. Hakuna atakayelirudisha pia, kitu cha marehemu hakirudishwi. Mtu akifa atarithi mwanawe.

Nilicheka. Nilicheka vibaya, mpaka akanitazama. Seti ipo, kamili, halijapotea hata moja, na haitakaa pamoja tena maisha yangu yote.

Moja lilibaki kwake. Akalitoa sandukuni, limefungwa kwa kanga. Nikatoa simu nipige picha kurasa. Akaweka kiganja juu ya jalada.

"Zile za chuoni mlizipiga picha. Ziko wapi?"

Nikarudisha simu kwenye mkoba.

Jumapili, 1 Juni

Nimelala kwake. Baada ya misa nikamwomba ninakili kwa mkono. Akafikiri kidogo, akasema kuandika ni sawa, kalamu haichukui kitu.

Nimekaa barazani. Kurasa za kulia zipo mtandaoni, siziandiki. Naandika za kushoto tu. Ukurasa wa pili, wa nne, wa sita. Sentensi inaanzia katikati na inakatikia katikati, mimi naandika hivyo hivyo. Jedwali la mvua limenichosha kuliko yote. Vidole vimeniuma, sijaandika hivi tangu nikiwa shule.

Mama Matimbwa akaleta ugali na kambale. Akaniuliza nitamaliza lini. Nikamwambia hili la kwake labda kesho kutwa, halafu Kisawasawa, halafu Mahenge. Yote sitamaliza, nastaafu Desemba na magoti yangu si ya kuzunguka bonde zima.

Akasema basi kesho nianze mapema, mchana hapa barazani bati linachoma.