Zenon, Uliyerudi Kuuliza Upya

Mwaka umetimia, Zenon, tangu tulipokulaza katika udongo wa Pito, na baiskeli yako bado imeegemea ukuta wa jikoni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa.

Tunaukumbuka upole wako, na maswali yako pia. Kazi ya udadisi, ya kupita nyumba kwa nyumba na madodoso, uliifanya miaka ishirini na miwili, ukaileta hadi mezani. Mkeo Cornelia akikuuliza kama ugali ni mzuri, ulimjibu, "Mzuri kuliko wa lini?" Wanao Beda na Kalista wakigombana, ulimsikiliza huyu, ukamsikiliza na yule, kisha ukamuuliza kila mmoja, "Na wewe ulikuwa umesimama wapi?" Tulikucheka sana, ila nyumbani kwako hakuna aliyeonewa.

Swali hilo hukuzaliwa nalo. Ulilipata kwa machungu.

Mwaka ule wa utafiti wa mashamba, msimamizi aliwaambia wadadisi, "Andikeni mnachokiona, msiandike mnachokijua." Wewe ukapangiwa Pito, kwenu. Uliogopa kuambiwa unawapendelea Wafipa wenzako, kwa hiyo ukaanza na shamba la mama yako, Kristiana, ili asiwepo wa kukunyooshea kidole. Dodoso lilikuwa na visanduku viwili tu: limelimwa, halijalimwa. Mbele yako zilijaa ntumba, vile vichuguu vya udongo tunamofukia nyasi zioze, ili msimu ujao tuutawanye udongo na kupanda ulezi. Ulijua. Mgongo wako uliinama humo tangu utoto. Lakini mmea haukuonekana, ukatia alama: halijalimwa. Ukafanya hivyo nyumba thelathini na moja.

Matokeo yaliposomwa mkutanoni ofisi ya kata, ikatajwa kwamba mashamba mengi ya Pito yamelala na wakulima wake hawajitumi. Mama akainuka.

"Mwanangu alisimama juu ya kazi yangu, kalamu mkononi, akaandika kwamba sijafanya kazi."

Akaketi. Mwezi mzima hakukusemesha, na tulikuona ukikonda.

Ndipo ukarudi. Kwa baiskeli hiyo hiyo ulizipita nyumba zote, shikamoo baada ya shikamoo, ukiomba radhi na kuuliza upya. Pembeni mwa kila karatasi ukaandika ntumba ni nini, na imekula siku ngapi za jembe. Msimamizi akakuambia sasa umeegemea upande. Ukamjibu, "Nilipoogopa kuegemea ndipo nilipoandika uongo." Jibu hilo lilikuponza, ukakaa misimu miwili bila kuitwa kazini. Taarifa ya mwisho ilitoka na ntumba ndani yake, jina lako halimo. Wewe ulikwenda shambani kumsaidia mama, wala hukunung'unika.

Tangu hapo hukuondoka nyumbani kwa mtu kabla hujamsomea ulichoandika na kumuuliza, "Ndivyo?" Wadadisi vijana uliowafundisha wanafanya hivyo hadi leo. Wengine walikuja msibani, wakatusimulia.

Unakumbukwa na mkeo Cornelia, wanao Beda na Kalista, dada yako Justa wa Izia, shemeji yako Lazaro, majirani wote wa Pito, na mama yako Kristiana, ambaye mwaka huu ameinua ntumba zake bila wewe.

Tangazo hili tulimsomea mama kabla ya kulipeleka gazetini, kama ulivyotuzoesha. Habari ya dodoso tulikuwa tumeiacha, tukidhani tunakulindia heshima. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Siyo. Andikeni kwamba alinikosea. Halafu andikeni kwamba alirudi."

Tumeandika, Zenon. Tukamsomea tena, tukamuuliza, "Ndivyo?"

Akafuta machozi, akasema, "Ndivyo."

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.