Ukuta wa Ghala

Mdogo wangu Wendell,

Sisi hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu, na mahindi yameshatupita kichwa. Timu ya besiboli ya ligi ya kulipwa ilipokuchukua kutoka chuoni, Mama alioka pai za cheri akawagawia majirani.

Jumapili tulikutazama kwenye televisheni. Mtangazaji akakuuliza nani alikufundisha kurusha mpira. Ukasema, "Hakuna. Nilikuwa narusha peke yangu, kwenye ukuta wa ghala."

Wendell, miaka sita nilichuchumaa mbele ya ukuta ule nikidaka mipira yako. Uliponivunja kidole, nilikifunga kitambaa tukaendelea, kwa sababu kocha wa chuo alikuwa anakuja Jumamosi kukuangalia. Mpira wako unaopinda, ambao watu wote wanausifu, mimi ndiye niliyekuonyesha namna ya kuushika.

Jirani yetu Harlan, aliyekuwa akitazama nasi Jumapili hiyo, akacheka. "Kumbe dogo alijifundisha mwenyewe?"

Mama alinitazama. Nikasema, "Ndiyo, mwenyewe." Sikutaka Mama aone aibu kwa ajili yako.

Umeandika kwamba utakuja Novemba kufanya mazoezi. Njoo, chumba chako kipo. Ila mimi sikudakii tena.

Dada yako,
Maribeth