GB Mia Tano Kumi na Mbili za Amba

Jumamosi, Tukuyu. Mvua imeanza alfajiri na hadi sasa jioni haijakata, ile yetu ya kunyesha kama kibarua wa kulipwa kwa siku, haina haraka na haina aibu. Ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Nimefunga kibanda mapema. Leo sitaki mteja, sitaki hadithi, na zaidi ya yote sitaki mtu aniite "mtaalamu".

Nimesalitiwa.

Kwa wewe unayepita hapa mara ya kwanza: mimi ndiye yule kijana wa kibanda cha bluu hapa Bagamoyo. Siyo ile ya Pwani yenye bahari, ni hii kata yetu ya Tukuyu yenye migomba na matope. Kazi yangu ni kuwajazia watu nyimbo, mahubiri na filamu kwenye simu na memori kadi. Shule niliishia kidato cha pili, mimi na hesabu tukaachana kwa amani. Lakini GB nazijua. Yule yule mwalimu wangu wa hesabu huja kibandani kuniuliza simu yake imejaa nini, nami humweleza polepole, kwa upole, kama yeye ambavyo hakuwahi kunieleza.

Sasa turudi nyuma mwezi mmoja.

Akina mama wa kwaya ya kanisani kwetu waliamua kununua kishikwambi. Wana nyimbo kumi na moja, wana sare mpya, na walitaka kujipiga video wenyewe badala ya kukodi yule mpiga picha wa Mbeya anayefoka watu kama anachunga mbuzi. Waliuza ndizi, wakauza maziwa, hela ikatimia. Wakaniita kwenye kikao niwaambie jambo moja tu: kiwe na nafasi kiasi gani?

Ngoja niandike ukweli, maana hapa hanioni mtu. Jibu nililijua. GB sitini na nne. Kwa nyimbo kumi na moja, ukipiga kwa ubora wa kawaida, sitini na nne zinatosha na nafasi inabaki ya picha za harusi za mwaka mzima. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Halafu Mama Lugano, mwenyekiti wa kwaya, akasema wenzao wa kwaya ya Kyimo wana cha mia mbili hamsini na sita.

Macho yote kwangu.

Nikasema, "Basi sisi tunachukua mia tano kumi na mbili."

Vigelegele. Nakuambia, bwana arusi hajawahi kupigiwa vile. Bibi mmoja tu wa sauti ya pili, Bibi Sekela, ndiye aliyeinua mkono. "Mjukuu wangu, hizo GB zote tutaweka nini ndani?"

"Bibi, nafasi ni kama ghala. Afadhali libaki wazi kuliko mahindi yalale nje."

"Ghala tupu hufuga panya," akasema, na ukumbi mzima ukacheka. Nilicheka kuwazidi wote.

Kazi ya kukitafuta nikampa Amba. Jina lake kamili Ambakisye, lakini mimi ndiye niliyelifupisha tukiwa darasa la tatu, kwa hiyo nina haki nalo. Tumekulia Matwebe, kwao ni nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kwao nilikula, kwetu alilala. Baba yake alipofariki mimi nilikaa pale msibani siku zote, nikachota maji, nikapasua kuni, hadi watu wa mbali wakanipa pole wakidhani ni mtoto wa marehemu. Siku hizi Amba anauza simu mjini Mbeya, ana viatu vyeupe visivyojua matope, lakini kwangu ni yule yule.

Nilidhani ni yule yule.

Siku mbili tu akanishushia boksi. Bei ya chini kuliko nilivyotarajia. "Ya kindugu hiyo," akaniambia. "Usiulize sana." Sikuuliza. Nikawasha, nikafungua ukurasa wa nafasi: mia tano kumi na mbili, imeandikwa wazi. Jumapili nikauonyesha ule ukurasa kila benchi kama mzee wa kanisa anayepitisha sadaka. Mama mmoja aliupiga picha kwa simu yake, akawatumia wa Kyimo.

Jumamosi iliyopita tukaingia mashambani kwenye chai. Jua lilitoka, na anayeijua Tukuyu anajua hilo ni neno kubwa. Sare zao ni za kijani. Nikawaambia, mama zangu, kijani ndani ya chai, mtaonekana vichwa vinaimba bila miili. Wakanitukana kidogo, wakafunga vitambaa vya njano viunoni, tukaanza. Nikaweka ubora wa juu kabisa kuliko wote. Kwa nini nisiweke? Nafasi ilikuwa ya kumwaga.

Tuliichagua siku hiyo kwa sababu ya shangazi yangu Tupokigwe. Ndiye sauti yao inayotangulia. Mumewe amepata kazi Sumbawanga, na safari yao ilikuwa Jumanne. Wimbo wa saba ni wake, aliutunga mwenyewe jikoni akipepeta mchele, na hakuna mwingine anayeuweza kwa sababu una sehemu moja sauti inashuka, inashuka, unadhani imekufa, halafu inarudi kutoka upande mwingine. Aliuimba mara tatu. Mara ya tatu wachuma chai wa shamba la jirani waliacha kuchuma wakasimama na vikapu mgongoni.

Mimi mwenyewe nilikishika kile kishikwambi kwa mikono miwili na kupumua nikasahau.

Jumanne akaondoka. Jumatano nikakaa kukata video. Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, wa tatu, wa nne, safi kabisa, hadi unaona umande kwenye majani. Wa tano ukafunguka mweusi. Wa sita mweusi. Wa saba nikaugusa mara ishirini. Majina yapo, ukubwa upo, tarehe ipo. Picha hakuna, sauti hakuna. Hadi wa kumi na moja.

Kwa siku mbili niliamini kosa ni langu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilijishuku mimi, nikashuku mikono yangu, nikashuku hata lile jua. Amba sikumshuku hata dakika.

Ijumaa asubuhi nikampelekea Mzee Salumu, fundi redio na simu, mtu wa ukoo wa Pwani lakini amezeeka hapa hapa na baridi yetu. Akakijaribu kwa kompyuta yake, akakifungua mgongo, akavua miwani.

"Kijana, hii ni thelathini na mbili imevalishwa koti la mia tano."

"Lakini mzee, imeandikwa."

"Hata mimi naweza kujiandika daktari mlangoni. Mfumo wake wenyewe unakula karibu nusu. Inayobaki ikijaa, haikwambii. Inakupokelea kila unachoipa, inaandika jina, kitu chenyewe inakitupa."

"Hakirudi?"

"Kirudi kutoka wapi? Hakikuwahi kuingia."

Nikatoka nje, nikampigia Amba. Nilijiandaa kumpa pole, unaelewa? Nilidhani naye wamempiga huko Mbeya, nilikuwa nimeshapanga tutamkamata vipi aliyemuuzia. Nikasema maneno matatu tu: "Amba, kile kishikwambi."

Akauliza, "Kimeshajaa?"

Kimeshajaa.

Cha mia tano kumi na mbili, kina wiki mbili, kinashikwa na akina mama ishirini wanaoogopa hata kukigusa, na swali lake la kwanza ni kama kimeshajaa. Nilisimama pale barazani mvua inanichapa bega moja. Sikuhitaji jibu lingine, lakini nikauliza hivyo hivyo.

"Ulijua?"

"Kaka, za kweli za mia tano kwa hela ile hazipo. Wewe mwenyewe unajua, tena kuliko mimi. Ulitaka namba, nikakutafutia namba. Nikasema wale mama watapiga picha mbili za ubatizo basi, watazeeka hawajakijaza."

"Ungeniambia, Amba."

"Ningekuambia, ungerudi kwao na sitini na nne?"

Nikakata simu. Watu watasema nilikata kwa hasira. Nilikata kwa sababu jibu tulilijua wote wawili.

Mgeni angenitapeli ningemtukana, ningemsahau, ningegeuza kichekesho cha kibandani. Amba hakubahatisha. Alijua kabisa kwamba mimi nikiona namba kubwa sitafungua mgongo wala kujaribu, nitakimbilia kuionyesha kwa watu. Miaka yote ya kula sahani moja ndiyo iliyomfundisha. Rafiki anajua mlango wa nyuma uko wapi, na wewe huwa huufungi kwa sababu ni yeye ndiye anayepita hapo.

Leo asubuhi nikaenda kwa Mama Lugano. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno kama ya mahakamani. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, akaniwahi na "Ugonile" kabla sijamaliza shikamoo yangu, akanisogezea kigoda. Nikamwambia nyimbo saba hazipo.

Kisu kikasimama. "Na wa Tupokigwe?"

"Na wenyewe haupo, mama."

Hakufoka. Ningeomba afoke. Aliitazama ile ndizi iliyomenywa nusu kama imemuuliza swali. Halafu: "Nani kafanya hivi?"

Nikasema Amba. Nikaeleza koti la mia tano, nikaeleza simu yake, nikaeleza "kimeshajaa". Kila neno la kweli.

"Yule mwana wa jirani yenu Matwebe? Mwe bandu, jamani watu." Akatikisa kichwa muda mrefu. "Na mama yake anakaa benchi la mbele kila Jumapili. Kesho baada ya ibada utasimama uwaambie wenzangu. Mama yake naye asikie."

Nikasema sawa, mama. Akaniita maskini mtoto wa watu. Akanipa ndizi za kuondoka nazo.

Nimezibeba hadi kibandani kama mwizi. Kwa sababu kuna kitu sikukisema. Sikusema kwamba kwenye kile kikao nililijua jibu. Sikusema kwamba kishikwambi cha uhakika cha sitini na nne kilipatikana dukani hapa hapa Tukuyu, kwa hela ile ile, na wimbo wa Shangazi ungekuwa ndani yake sasa hivi. Nimemwachia Amba mzigo wote, na mama yake, aliyenilisha ugali wake tangu sijui kujifunga kamba za viatu, nimempangia aibu mbele ya kanisa zima.

Nimemkasirikia Amba. Hilo halijapungua hata punje. Amepiga mara tatu tangu jana na sijapokea, na sijui kama nitakuja kupokea. Alinitazama usoni akaniambia "ya kindugu". Sitaki kusikia anavyojieleza.

Lakini nikisimama kesho nikaanza na Amba, nitakuwa nimewadanganya kwa maneno ya kweli matupu. Ninajua kufanya hivyo. Ndiyo kazi ninayoijua kuliko hata GB.

Saa hii ya jioni ujumbe umeingia kutoka Sumbawanga. Shangazi anasema wamefika salama, nyumba ina upepo, majirani ni wema, wamemuuliza huko alikotoka alikuwa anafanya nini. "Nitumie ule wangu mwanangu, hata kipande tu, niwaonyeshe."

Nimeusoma mara nyingi. Nimeandika "sawa shangazi", nikafuta. Nimeandika "mtandao unasumbua", nikafuta haraka zaidi.

Yeye atakuwa wa kwanza kuambiwa, kabla ya kwaya, kabla ya Mama Lugano, kabla ya kanisa. Nitaanza na sitini na nne. Nitamwambia nilijua, na nilinyamaza kwa sababu ya vigelegele. Amba nitamtaja mwishoni, kwa sehemu yake, isizidi wala isipungue. Akinitukana, sawa. Asipofoka, kama Mama Lugano, sijui nitafanyaje.

Shangazi huamka saa kumi na moja alfajiri. Kengele ya kwanza ya kanisa hupigwa saa moja. Nitampigia katikati hapo.