Protini Yangu Si Dawa Yako

Chumba Namba 14,
Jengo la Maabara.
12 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Naitanguliza mapema kabisa, kwa sababu nikianza na yaliyonifanya nishike kalamu naweza kuisahau heshima njiani.

Barua zetu zote huanza kwa kuulizana hali. Mimi huuliza, wewe hujibu kwamba hujambo, ni uchovu kidogo tu wa kazi za nyumbani. Leo siulizi. Hali yako naijua: namba ya chuma kwenye kipimo chako cha mwezi uliopita ni elfu nne na mia sita, na mwaka jana ilikuwa elfu mbili. Mimi hapa ni mzima, isipokuwa kichwa kinaniuma tangu Jumanne, na sababu ni wewe. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu wewe hubadilisha mazungumzo mara tu nikitaja dawa.

Hiyo Jumanne binti yako alinipigia. Alikuwa anatafuta mkasi kwenye sanduku la cherehani yako, akakuta chini ya vitambaa pakiti kumi na moja za vidonge vya kutoa chuma, zote zimefungwa kama zilivyotoka dukani. Alianza na "Mama Mdogo, usiseme nimesema," kisha akasema yote. Namtaja kwa makusudi, na usithubutu kumgombeza mtoto. Bila yeye ningeendelea kuchekacheka nawe kwenye simu, mjinga mimi.

Najua vidonge hivyo ni karaha. Unaviyeyusha kwenye glasi ya maji asubuhi kabla hujala kitu, vinakuwa kama chokaa, na tumbo linachafuka mpaka mchana. Ungeviacha kwa sababu hiyo ningekuelewa. Tungegombana kidogo, halafu tungemuuliza daktari kama kuna vingine. Kilichonivuruga ni ile sababu uliyompa binti yako: "Sina haja ya kujitesa na haya madude. Mdogo wangu anaishughulikia dawa yenyewe, yuko karibu kumaliza."

Dada, nani yuko karibu kumaliza nini?

Hebu nikueleze kazi yangu kwa mara ya mwisho, na safari hii soma, usiruke. Damu unayoongezewa kila wiki tatu inakuja na chuma chake, na mwili hauna njia ya kukitupa. Kwa hiyo unakihifadhi ndani ya protini yenye umbo la mpira, tupu katikati, ndogo kiasi kwamba milioni yake haifuniki kichwa cha pini. Mpira mmoja hubeba chembe elfu nne na zaidi za chuma. Ile namba ya daktari wako inapima mipira hiyo hiyo kwenye damu. Ikipanda namna hii, maana yake maghala yamejaa, na chuma kilichokosa pa kukaa kinahamia kwenye ini na kwenye moyo.

Mimi sitengenezi kitu cha kukitoa. Mimi natafuta umbo la tundu moja la mpira huo, nijue chuma kinapitaje. Tena mpira wangu hata si wa binadamu, ni wa bakteria anayeishi kwenye matope. Umbo la jumla lilishajulikana kabla mimi sijaanza shule. Nimebaki na tundu.

Na tundu lenyewe silipati. Ili kuliona nahitaji fuwele ya protini, niipige eksirei. Mwaka huu nimeweka matone mia nne na themanini kwenye visahani vya plastiki, kila tone na chumvi yake na uchachu wake, nikakaa kuyachungulia kila asubuhi. Baada ya wiki tisa zikatokea fuwele sita. Nilishangilia peke yangu mbele ya hadubini. Kisha nikazigusa kwa sindano nijue ni za chumvi tu au za protini, maana ya chumvi ikiguswa ni ngumu, hukwaruza, na ya protini hubomoka. Tano zilikwaruza. Ya sita ilibomoka, kwa hiyo ilikuwa protini kweli, na kwa kuwa imebomoka sina kitu.

Mkuu wetu, tunayemwita Bado Kidogo kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila jambo, alitazama akaniambia niongeze chumvi. Mwenzangu ninayetumia naye kabati la joto analifungua kila saa kutafuta vitu vyake, wakati matone yangu hayataki joto la kupanda na kushuka. Nikabandika karatasi mlangoni kumwomba asifungue ovyo. Ameitumia kuandikia namba ya simu ya fundi bomba. Hayo ndiyo mazingira ambamo dawa yako inatengenezwa.

Halafu wewe umeshatangaza. Fundi viatu wa mtaani kwenu alinipigia, sijui namba yangu aliipata wapi, akaomba mkewe aingizwe kwenye orodha. Nikamuuliza mke anaumwa nini. Damu yake imepungukiwa chuma. Nilitumia nusu saa kumweleza baba wa watu kwamba orodha haipo, na hata ingekuwapo mkewe angekuwa kwenye foleni ya upande wa pili kabisa, aende hospitali leo hii. Akanishukuru kwa adabu, akasema hana haraka, atasubiri.

Neno hilo la kusubiri ndilo lililonikumbusha, na hapa hasira inanigeukia mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita, nilipokubaliwa kufanya utafiti huu, nilikusomea fomu yangu ya maombi kwenye simu. Kichwa kilikuwa kimevimba kwa furaha. Mwishoni kulikuwa na sentensi hii: "Matokeo ya utafiti huu yanatarajiwa kuchangia katika tiba ya wagonjwa wenye chuma kupita kiasi mwilini." Uliniomba niirudie, kisha ukasema, "Basi nitasubiri." Nilidhani ndiyo namna yako ya kunipongeza. Nikacheka, nikaendelea na mengine.

Sentensi ile, Dada, sisi sote huiandika. Fomu ina kisanduku chake na kisanduku hakiruhusiwi kubaki kitupu. Yule mwenzangu wa kabati la joto anachunguza ganda la mbegu ya kunde, naye ameandika kwamba atapunguza njaa duniani. Hatudanganyi hasa. Tunamaanisha kwamba siku moja mtu mwingine, akikusanya kazi za watu mia, huenda akapata pa kuanzia. Wanaopitia fomu wanajua kuisoma hivyo. Wewe hukujua, na mimi niliyejua sikukwambia, kwa sababu nilipenda jinsi ulivyotaka kuisikia tena. Naomba radhi kwa hilo, na nakuomba kwa moyo wote. Ila radhi yangu haipunguzi kosa lako hata nukta moja. Miezi minne unaficha dawa chini ya vitambaa, mtu mzima, mama wa watu.

Sasa sikiliza. Nimezungumza na daktari wako. Jumatatu ya tarehe 23, saa nne asubuhi, anakungoja. Watakupima moyo na ini, na anasema kuna vidonge vya aina nyingine, vya kumeza tu, visivyo na ile chokaa. Shemeji ameshaambiwa na atakupeleka, piga ua. Usije ukawaambia kwamba unajisikia vizuri. Chuma hakiumi kinapoingia.

Nimeisoma tena barua hii na naona nimekugombeza kutoka juu mpaka chini. Ukweli ni kwamba naogopa. Elfu nne na mia sita ni namba ninayoijua kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, na tangu Jumanne siwezi kuitazama kazini bila kukuona wewe. Fuwele zikikataa mwaka huu nitajaribu mwakani, na zikikataa mwakani nitajaribu tena. Kazi hii inavumilia watu wa polepole kama mimi. Moyo wako hauna uvumilivu huo. Siku nitakapoliona tundu hilo litakuwa halina faida kwa mtu yeyote, na bado mtu wa kwanza nitakayempigia simu ni wewe. Nataka uipokee mwenyewe.

Nisalimie Shemeji, na umwambie asikubali kubembelezwa. Msalimie binti yako, aliyefanya vizuri kuliko sisi wote. Mama Mkwe wako mpe pole ya miguu. Fundi viatu naye msalimie, umuulize kama mkewe ameshaenda hospitali.

Mungu akupe umri mrefu na ukaidi mfupi.

Wako akupendaye, hata leo,
Mdogo wako.